Mantiki ya “Kama” na “Au” katika Kupanga Huduma za Dharura za Uzazi

“Kituo cha afya kikifanya upasuaji wa uzazi, lazima kiwe na damu.” “Kituo cha afya kikiwa na damu, lazima kifanye upasuaji wa uzazi.” Kauli hizi mbili zina takriban maneno yaleyale, na mtu aliyechoka akizisoma haraka anaweza kudhani ni kauli moja iliyoandikwa mara mbili. Sivyo. Ya kwanza inamlinda mama. Ya pili inaruhusu apasuliwe mahali pasipo na damu hata chupa moja.

Kosa la aina hiyo halimsumbui sana mkunga mzoefu, kwa kuwa anaijua kazi yake hata pale mwongozo unapoandikwa vibaya. Kompyuta haina uzoefu huo. Hutekeleza kilichoandikwa, si kilichokusudiwa. Kwa hiyo pale ambapo mpango wa kuchagua vituo vya kujengewa vyumba vya upasuaji, wa kugawa majokofu ya damu au wa kupanga zamu za wodi ya wazazi unapoandaliwa kwa msaada wa kompyuta, kila kauli ya mwongozo haina budi kugeuzwa kuwa sharti la hesabu lisilo na maana mbili. Tawi la hisabati linalofanya kazi hiyo huitwa upangaji wa namba kamili. Makala hii inaeleza kiini chake kwa kutumia huduma ya dharura ya uzazi, na mazingira yake ni ya Newala na Masasi, mkoani Mtwara, ambako ardhi yenyewe hailegezi masharti.

Ukingo wa uwanda

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde, ukitazama bonde la Mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng’ambo yake. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Barabara inayounganisha miji hiyo hushuka mteremko wa ukingo huo. Udongo wa uwandani hunywa maji upesi, na kwa sababu hiyo juu hakuna mito. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakipandishwa kwa pampu kutoka chini. Mtu anayewaza kujenga chumba cha upasuaji uwandani huanza na swali la maji kabla ya swali la daktari.

Hospitali zipo. Newala ina hospitali ya wilaya, Masasi ina Mkomaindo, na Ndanda, kwenye barabara iendayo pwani, ipo hospitali iliyoanzishwa na Wabenediktini. Rufaa ya mkoa huelekezwa Ligula, Mtwara mjini. Lakini kwa mama wa kijiji cha mteremkoni, umbali wa ramani na umbali wa safari ni vitu viwili tofauti.

Umbali huo umekwisha kupimwa kwa vifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet Global Health, uliotumia takwimu za kaya zilizokusanywa mwaka 2007 katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo, ulichunguza vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi, kama vile vya kutokwa damu na kifafa cha mimba. Miongoni mwa wanawake walioishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitalini, vifo hivyo vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Miongoni mwa walioishi zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422.

Saa nazo zina hesabu yake. Makadirio yanayofundishwa katika uzazi salama ni kwamba mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, asipotibiwa, anaweza kufa kwa wastani wa saa 2 tangu damu ianze kutoka. Uzazi pingamizi huchukua takriban siku 3, na maambukizi ya baada ya kujifungua siku 6. Maana yake ni kwamba damu na upasuaji havikimbizani na saa moja. Msomaji aishike tofauti hii, kwa kuwa itarudi.

Tangu mwaka 2017 Serikali imekuwa ikiboresha vituo vya afya nchini ili viweze kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi. Fedha hazitoshi vituo vyote kwa mara moja, na kila kituo ama kimechaguliwa ama hakikuchaguliwa. Hapo ndipo hesabu ya sifuri na moja inapoanzia.

Nusu isiyokuwepo

Katika hesabu hii kila uamuzi wa ndiyo au hapana hupewa herufi. Herufi hiyo huitwa kigeu, na thamani yake ni 1 ikiwa jibu ni ndiyo, 0 ikiwa ni hapana. Hakuna thamani nyingine. Ni kama swichi ya taa.

Kwa nini isiruhusiwe thamani ya katikati? Vichukuliwe vituo vitatu vya kubuni, a, b na c, na vijiji vitatu. Kijiji cha kwanza kinaweza kufika a au b ndani ya saa 2. Cha pili kinaweza kufika b au c. Cha tatu kinaweza kufika a au c. Inatakiwa kila kijiji kiwe na angalau kituo kimoja chenye upasuaji ndani ya muda huo, na vituo vitakavyojengwa viwe vichache iwezekanavyo. Kwa hesabu, masharti ni matatu:

a + b ≥ 1
b + c ≥ 1
a + c ≥ 1

Alama ≥ husomwa “isipungue”, na ndugu yake ≤ husomwa “isizidi”. Kompyuta ikiachwa itumie sehemu, itajibu kwamba kila kituo kijengwe nusu. Nusu na nusu ni moja, masharti yote yametimia, na jumla ni kituo kimoja na nusu. Hesabu ni sahihi, ila nusu ya chumba cha upasuaji haimpasui mtu. Mtu akisema basi tukadirie kwenda juu, atajenga vituo vitatu na kupoteza fedha za kimoja. Akikadiria kwenda chini, hatajenga hata kimoja. Jibu la kweli ni vituo viwili, vyovyote viwili, na halipatikani kwa kukadiria. Lazima ihesabiwe tangu mwanzo kwamba kituo hakigawanyiki.

Mfano huu ni mdogo makusudi. Unatosha kuonyesha kwamba desimali, ambayo ni rafiki mwema wa mfamasia anayepima dozi, si rafiki wa mpangaji wa majengo.

Mwelekeo wa “kama”

Sasa turejee kwenye kauli mbili za mwanzo. Iwe u = 1 ikiwa kituo kinafanya upasuaji wa uzazi, na d = 1 ikiwa kina damu. Kauli “kikifanya upasuaji, lazima kiwe na damu” huandikwa hivi:

u ≤ d

Uhakiki wake ni mwepesi, maana hali zinazowezekana ni nne tu. Kituo kisicho na upasuaji wala damu: 0 haizidi 0, kinakubalika. Kituo chenye damu bila upasuaji: 0 haizidi 1, kinakubalika. Kituo chenye vyote viwili: 1 haizidi 1, kinakubalika. Kituo chenye upasuaji bila damu: 1 inazidi 0, kinakataliwa. Sharti limekataa hali moja tu kati ya nne, na ndiyo ile ile iliyokusudiwa kukataliwa.

Likigeuzwa kuwa d ≤ u, mambo yanapinduka. Sasa kituo chenye upasuaji bila damu kinapita bila kizuizi, na kinachokataliwa ni kituo chenye damu bila upasuaji. Hicho cha mwisho hakina kosa lolote; kinyume chake, kinaweza kumwokoa mama anayetokwa damu wakati gari likisubiriwa, na saa 2 zilizotajwa hapo juu ni zake. Sharti lililogeuzwa limeondoa msaada na kuingiza hatari, na yote yametokana na herufi mbili kubadilishana nafasi.

Zipo pia kauli zinazoonekana tofauti ilhali ni moja. “Kama hakuna damu, kusiwe na upasuaji” huandikwa 1 − d ≤ 1 − u. Ukiondoa 1 pande zote na kuhamisha alama za kutoa, unarudi palepale kwenye u ≤ d. Wajumbe wawili wa kikao wanaweza kubishana nusu saa, mmoja akitetea kauli ya kwanza na mwingine ya pili, kumbe wamekubaliana tangu mwanzo. Sharti la hesabu huwapatanisha haraka kuliko mwenyekiti.

Kiswahili kina njia nyingi za kusema jambo hili, na si zote huonyesha mwelekeo waziwazi. “Kituo kisifanye upasuaji mpaka kiwe na damu” ni u ≤ d. “Kituo kinaruhusiwa kufanya upasuaji mradi kina damu” nayo ni u ≤ d, kwa sababu ruhusa si amri: kituo chenye damu hakilazimishwi kupasua. Kwa upande mwingine, “mama apewe rufaa isipokuwa kituo kina damu” ni kauli ya aina nyingine. Rufaa ikiitwa r, sharti lake ni r + d ≥ 1: walau kimojawapo kiwepo, rufaa au damu. Ikitokea vyote viwili ni sifuri, mama amekwama.

Faida ya kuandika hivi haimo kwenye kompyuta peke yake. Mwandishi wa mwongozo akilazimika kuchagua kati ya u ≤ d na d ≤ u, hawezi tena kujificha nyuma ya sentensi ndefu.

“Na”, “au”, na kadi ya kliniki

Neno “na” likiwa upande wa matokeo halina matatizo makubwa. “Kituo kikifanya upasuaji, kiwe na damu na mtaalamu wa usingizi” hugawanyika kuwa masharti mawili: u ≤ d, na u ≤ g, ambapo g ni mtaalamu wa usingizi. Wapo wanaoyaunganisha kuwa moja, 2u ≤ d + g, na kwa sifuri na moja tupu maana ni ileile. Hata hivyo kompyuta huanza kazi yake kwa kuruhusu sehemu kwa muda, na katika hatua hiyo sharti lililounganishwa huruhusu kituo chenye damu bila mtaalamu kuhesabiwa nusu ya chumba cha upasuaji. Masharti mawili tofauti huizuia nusu hiyo mapema, na jibu hupatikana upesi zaidi. Kuandika zaidi, hapa, ni kurahisisha.

“Au” lina maana mbili, na kwa kawaida msikilizaji huchagua mwenyewe. “Kituo kiwe na umeme wa gridi au jenereta” haimaanishi kwamba kikiwa na vyote viwili kifungwe. Hiyo ni u ≤ e + j. Lakini “mkunga huyu awe zamu ya usiku au ya mchana” kwa kawaida humaanisha moja tu, na huandikwa kwa alama ya sawa: usiku + mchana = 1. Lugha hujaribu kusaidia kwa kurudia “ama… ama”, ingawa si kila msemaji huifuata kanuni hiyo. Zamu, kwa bahati nzuri, ni mahali ambapo masharti haya hueleweka bila mafunzo: “aliyekesha usiku asiingie asubuhi inayofuata” ni usiku + asubuhi ≤ 1, na muuguzi yeyote aliyewahi kuunganishwa zamu anajua kwa mwili wake maana ya jumla hiyo kufikia 2.

Ugumu mkubwa zaidi hujitokeza pale “au” linapokaa upande wa sharti, si upande wa matokeo. Mfano unaowahusu wajawazito moja kwa moja ni huu: “Mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, au mwenye mimba ya mapacha, ajifungulie hospitali.” Iwe s = 1 kwa aliyewahi kupasuliwa, m = 1 kwa mwenye mapacha, h = 1 kwa kupangiwa hospitali. Uandishi sahihi ni masharti mawili:

s ≤ h
m ≤ h

Kila sababu, hata ikiwa peke yake, inatosha kumsukuma h kufikia 1. Uandishi wenye kosa, ambao huonekana nadhifu kwa sababu uko kwenye mstari mmoja, ni s + m ≤ 1 + h. Mama mwenye kovu la upasuaji bila mapacha ana jumla ya 1, na 1 haizidi 1 hata h ikiwa sifuri. Anaachwa ajifungulie zahanati. Sharti hilo linampeleka hospitali yule tu mwenye sababu zote mbili. “Au” limesomwa kama “na”. Mama huyo haoni hesabu yoyote. Anachoona ni kadi yake ya kliniki isiyoandikwa neno hospitali, na kovu lake linaingia kwenye uchungu mahali ambapo kupasuka kwa mfuko wa uzazi hakuna tiba. Mjamzito au mwenziwe anayesoma makala hii anaweza kulichukua hili bila alama za hesabu: sababu moja inatosha, na hakuna haja ya kungoja ya pili.

Kituo cha kweli na kituo cha jina

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009, ulioandaliwa pamoja na UNICEF na UNFPA, ulitaja huduma tisa zinazoitambulisha huduma kamili ya dharura ya uzazi. Saba ni za msingi: antibiotiki kwa sindano, dawa za kuzuia damu kutoka, dawa za kuzuia degedege la kifafa cha mimba, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, kusafisha mabaki ya mimba, kusaidia mtoto kutoka kwa kifaa cha kuvuta, na kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Mbili za juu ni upasuaji na kuongeza damu. Kituo huhesabiwa kuwa cha huduma kamili ikiwa kimetoa zote tisa katika miezi mitatu iliyopita. Kiwango kilichopendekezwa kilikuwa vituo vitano kwa kila watu 500,000, angalau kimoja kikiwa cha huduma kamili.

Hapa mantiki inabana zaidi, kwa maana kauli yenyewe ni ya pande mbili: kituo ni cha huduma kamili iwapo, na iwapo tu, huduma zote tisa zipo. Iwe k = 1 kwa kituo cha huduma kamili, na x1 hadi x9 ziwe huduma tisa. Upande wa kwanza unasema k isizidi huduma yoyote kati ya hizo: k ≤ x1, k ≤ x2, na kuendelea hadi k ≤ x9. Ikikosekana moja, k inashuka hadi sifuri. Upande wa pili unasema:

k ≥ x1 + x2 + … + x9 − 8

Huduma zote tisa zikiwepo, upande wa kulia ni 1 na k inalazimika kuwa 1. Zikiwa nane, upande wa kulia ni 0 na hakuna kinacholazimishwa.

Mtu mwenye haraka huandika upande wa pili peke yake, kwa kuwa ni mstari mmoja badala ya tisa. Matokeo yake ni mabaya. Kituo chenye huduma mbili tu kina 2 − 8, yaani hasi 6, na k inaweza kuwa 1 bila kuvunja sharti lolote. Kompyuta iliyoagizwa kuongeza idadi ya vituo vya huduma kamili itavipandisha hadhi vituo vyote, hata visivyo na kitu, na taarifa itapendeza. Huko ndiko kutengeneza kituo cha jina: kibao kipo, chumba kipo, huduma haipo. Kwa kweli ugonjwa huu haukuletwa na kompyuta. Ripoti za karatasi zimeuishi miaka mingi. Tofauti ni kwamba ndani ya modeli mstari unaokosekana unaweza kuoneshwa kwa kidole.

Idadi ya akina mama na namba kubwa mno

Si kila kitu ni ndiyo au hapana. Idadi ya akina mama watakaopelekwa kituo fulani, n, inaweza kuwa namba yoyote, lakini inafungamana na swichi: kama kituo hakifanyi upasuaji, asipangiwe mama hata mmoja. Uandishi wa kawaida ni n ≤ K × u, ambapo K ni namba kubwa. Swichi ikiwa 0, n ni 0. Swichi ikiwa 1, n haizidi K.

K iwe kubwa kiasi gani? Wengi huandika milioni moja ili wasisumbuke. Hapo wanajichimbia shimo. Programu za kompyuta huivumilia namba iliyo karibu sana na sifuri, mfano 0.00001, na kuihesabu kuwa sifuri. Lakini milioni moja mara 0.00001 ni 10. Kwenye karatasi kituo kimefungwa, na bado akina mama kumi wamepangiwa kwenda huko. K inayofaa ni ile inayotokana na hali halisi: uwezo wa vitanda, wa wakunga na wa chumba chenyewe kwa mwaka. Swali hilo hujibiwa na matroni, na mwanahisabati anapaswa kumfuata wodini.

Masika

Katika mfano wa vituo vitatu, jozi yoyote ilifaa. Sasa mvua inyeshe, na njia ya mteremkoni kutoka kijiji cha pili kwenda c isipitike. Sharti la kijiji hicho kwa masika si tena b + c ≥ 1, bali ni b ≥ 1, yaani b lazima ijengwe. Mengine mawili yanabaki kama yalivyo. Jozi ya a na b inafaa, jozi ya b na c inafaa, ila ya a na c, iliyokuwa sawa kabisa wakati wa kiangazi, sasa inakiacha kijiji kizima bila upasuaji kwa miezi ya mvua. Hakuna fomula mpya iliyohitajika. Masharti yameandikwa mara mbili, mara moja kwa kila msimu, na mpango mmoja ukatakiwa kuyatimiza yote. Mpango uliopimwa kwa safari za Agosti peke yake haufai kwa mkazi wa ukingo wa uwanda, na hili dereva wa gari la wagonjwa hahitaji kuelezwa na mtu.

Jinsi jibu linavyotafutwa

Vituo vitatu vina michanganyiko 8 ya ndiyo na hapana. Mtu anaweza kuikagua kwa kalamu. Vituo thelathini vina michanganyiko 1,073,741,824. Njia inayotumika sana ya kuepuka kuikagua yote ilichapishwa mwaka 1960 na wanawake wawili wa chuo cha London School of Economics, Ailsa Land na Alison Doig. Kwanza hesabu hufanywa kwa kuruhusu sehemu. Kigeu kimoja kilichobaki nusu huchaguliwa, na njia hugawanyika mara mbili: upande mmoja kigeu hicho ni 0, upande wa pili ni 1. Kila tawi huhesabiwa upya. Tawi ambalo hata likifanikiwa kabisa haliwezi kulishinda jibu lililokwisha kupatikana hukatwa lote, pamoja na maelfu ya michanganyiko iliyomo. Tabibu hufanya jambo linalofanana na hilo anapomchunguza mgonjwa: kipimo kimoja kikiondoa uwezekano wa ugonjwa fulani, haendelei kupima kila kilicho chini yake.

Matumizi ya masharti ya “kila eneo lifikiwe na angalau kituo kimoja” katika kupanga huduma za dharura yalielezwa mwaka 1971 na Constantine Toregas na wenzake nchini Marekani. Miaka mitatu baadaye Richard Church na Charles ReVelle waliligeuza swali: kama fedha zinatosha vituo vichache tu, viwekwe wapi ili watu wengi zaidi wafikiwe? Kwa halmashauri nyingi swali hilo la pili ndilo la kweli. Lina uchungu wake, maana jibu lake huonyesha kwa majina vijiji vitakavyoachwa.

Sharti gumu na sharti laini

Limebaki jambo ambalo hesabu haiwezi kuliamua. Sharti u ≤ d linakataa katakata kituo chenye upasuaji bila damu. Je, ni haki? Mama mwenye uzazi pingamizi, mvua imefunga njia, kituo kina daktari na mtaalamu wa usingizi lakini jokofu la damu ni tupu. Akipasuliwa yuko hatarini. Asipopasuliwa, yeye na mtoto wako katika hatari kubwa zaidi. Daktari aliye pale hafuati modeli. Anapima hali na kuamua, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sharti la mpango linahusu mahali pa kuwekeza fedha ili hali hiyo isitokee. Kulichukua likawa amri ya kitandani ni kulitumia kwa kazi lisiyoandikiwa.

Mpangaji anayeona kwamba katazo limezidi ukali anaweza kulilainisha: u ≤ d + z, ambapo z ni 1 ikiwa kituo kinaruhusiwa kupasua bila akiba ya damu, na kila z hutozwa adhabu katika lengo la hesabu. Kompyuta itaikwepa z kadiri iwezavyo, lakini haitakataa kabisa. Gharama ya uhuru huo ni kwamba mtu fulani ameandika namba ya adhabu, na namba hiyo, apende asipende, ni bei aliyoiweka juu ya hatari ya mama. Isiachwe kwa mwandishi wa programu. Iwekwe mezani mbele ya timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri, ijadiliwe, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Usafiri nao una kauli zake. Mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu bila malipo kwa namba 115, humtafutia mama au mtoto mchanga mwenye dharura gari la wagonjwa, na lisipopatikana humtafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kwa hesabu, w ikiwa ni gari la wagonjwa, v dereva wa jamii, na q dharura, sharti ni w + v ≥ q. Upande wa kulia hauchagui siku wala saa. Upande wa kushoto hutegemea mafuta, betri ya simu ya dereva na hali ya mteremko.

Wakati mwingine masharti yote yakishaandikwa kwa uaminifu, pamoja na masika, saa 2, damu, maji na bajeti, kompyuta hurudisha jibu fupi kwamba hakuna mpango unaoyatimiza yote. Wengi hudhani programu imeharibika na huanza kupunguza masharti kimyakimya hadi jibu litoke. Jibu lile la kwanza lilikuwa taarifa kamili. Linasema kwamba kwa fedha zilizopo na barabara zilizopo, vipo vijiji ambavyo mama anayetokwa damu hatafikiwa kwa wakati, na masharti yanaweza kulegezwa moja baada ya jingine ili ionekane ni lipi hasa linalozuia: jokofu la damu, mtaalamu mmoja wa usingizi, au kipande cha barabara kinachokatika kila masika.